Mama Ikumbi na Zamu Isiyofika

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko Kyuso unafungia mbuzi, kama uko Ikutha unapepeta ndengu, kama uko Wote ndiyo kwanza unatoka kazini na mgongo unauma, vuta kiti. Leo hatuna haraka. Na tuseme ukweli, leo tumechoka. Mwezi huu tumezika sana.

Jioni hii tunamkumbuka Kaveke Kyule wa Nuu, kaunti ya Kitui. Kaveke Kyule. Mkulima wa ndengu, mama wa watoto wanne, na msimamizi wa kikundi cha mashairi kwenye WhatsApp kinachoitwa Ikumbi. Alifariki Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa pili, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ikumbi. Wengi wenu hamkuwahi kumwona uso.

Ikumbi, kwa wale ambao si Wakamba, ni ghala. Ni pale tunapoweka chakula tukiogopa kiangazi.

Kaveke alizaliwa hapo hapo Nuu. Mama yake, marehemu Kathini, alikuwa kiongozi wa mwethya. Na mwethya, tuwaeleze wanaotusikiliza kutoka mbali, ni watu wa kijiji kulimiana kwa zamu. Leo wote wako shambani kwangu, kesho wako kwako, kesho kutwa kwa jirani. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anapika, wengine wanalima.

Kathini alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata mwaka wa njaa. Kiongozi analimiwa wa mwisho. Ukianza na shamba lako, alisema, watu watadhani mwethya ni wako. Kaveke alikua akiona magugu yakimea kwao huku mama yake akipiga filimbi kwenye shamba la mtu mwingine.

Alisoma mpaka darasa la saba. Karo ikakosekana, akaolewa na Kyule, akaanza kulima. Mashairi aliyajua kupitia redio. Jembe likiwa mkononi, redio ikiwa imening'inizwa kwenye ua, anasikiliza na kukariri. Miaka mingi hakumwambia mtu. Nani angeambiwa? Ng'ombe?

Kisha binti yake Muthoki akamnunulia simu. Kaveke akaingia kwenye kikundi kikubwa cha washairi huko Facebook, kikundi cha maelfu ya watu. Akaweka shairi lake la kwanza, la mvua iliyochelewa. Mtu mmoja tu ndiye aliyejibu. Aliandika hivi: "Mama, rudi shule ukajifunze mizani." Basi. Watu thelathini na wawili wakaweka alama ya kucheka.

Muthoki anakumbuka siku hiyo. "Mwaitu hakulia," anasema. Mwaitu ni mama. "Aliweka simu chini ya mto, akaenda kuchota maji. Hiyo simu ilikaa hapo wiki mbili. Mimi nikafikiria imeharibika."

Lakini kulikuwa na mtu mwingine aliyeliona lile shairi. Fahima, mwenye duka la leso mjini Mwingi. Fahima alimwandikia faraghani, akamwambia shairi ni zuri, mizani itakuja. Akamfundisha kuhesabu silabi kwa vidole. Nane huku, nane kule. Kaveke alihesabu akikama, alihesabu akifagia, mpaka Mzee Kyule akamuuliza kama kuna deni analolihesabu.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo Ikumbi ilipozaliwa. Miaka minne iliyopita. Wakiwa watu wanane. Kaveke akasema hiki hakitakuwa kikundi cha kuchekana, kitakuwa mwethya. Kila siku ina mwenyewe. Siku yako ikifika unaweka shairi lako, na wote tunaingia kulipalilia. Na kabla hujaonyesha gugu, lazima kwanza uonyeshe mstari uliomea vizuri. Siku ya mtu ni ya mtu. Hakuna kumwingilia mwenzako kwenye siku yake.

Na yeye? Yeye alijiweka mwisho, kama mama yake.

Basi hebu sikieni vizuri mambo yalivyokwenda. Zamu za wale wanane zilipokaribia kuisha, waliingia kumi na wawili wapya. Kaveke akasema wageni kwanza. Hao kumi na wawili walipokaribia kuisha, wakaingia ishirini. Wageni kwanza. Wakaja walimu wa Makueni, mafundi wa Wote, wauguzi, mama mboga, wachungaji wawili, kijana mmoja wa Kibwezi aliyeandika juu ya tikiti maji pekee. Kufikia mwaka jana Ikumbi ilikuwa na watu mia moja sitini na watatu. Wa zamani nao walikuwa wakiulizia zamu ya pili, zamu ya tatu. Zamu ya Kaveke ilikuwa mwisho, na mwisho ulikuwa ukisogea.

Kazi hiyo ilimchosha. Tusipambe maneno, ilimchosha. Saa kumi na moja asubuhi yuko macho anaandika ratiba. Mtandao wa Nuu tunaujua, kwa hivyo alikaa nyuma ya ghala, mahali pekee panaposhika. Alijibu kila shairi. Kila shairi, wasikilizaji. Hata la tikiti maji. Aliyenyamaza siku tatu alipigiwa simu. Fahima alipofiwa na mumewe, Kaveke alimpigia kila siku, siku arobaini, na mara nyingi hawakuzungumza shairi lolote.

"Nilikuwa nikimwambia, dada, punguza," anasema Fahima. "Ananiambia, nikipunguza, kuna mtu ataweka shairi lake na hakuna atakayemjibu. Yeye alijua hiyo kitu inauma namna gani."

Muthoki anacheka kidogo akikumbuka. "Alikuwa anajibu watu mpaka sufuria inashika moto. Sisi tumekula isyo, mahindi na maharagwe, imeungua miaka minne. Ukilalamika anakuambia, kula, hiyo ni ya mwethya."

Mwaka jana, mwezi wa kumi, Kaveke alianza kuvimba miguu. Akapelekwa hospitali. Daktari akamwambia moyo umepanuka na umechoka, aache jembe, aache mizigo. Kaveke alirudi nyumbani, akamwambia mumewe, akawaambia watoto. Ikumbi hakuwaambia. Alisema wataanza kuandika mashairi ya kumwombolezea naye bado anakula.

Lakini alianza kuandika lake. Muthoki anasema alilifanyia kazi siku tatu, nyuma ya ghala, anaandika na kufuta. Kaveke hakuwa na daftari. Kila kitu alikiandika moja kwa moja kwenye simu. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, tunaomba mumwelewe mama huyu. Hakuwa akitafuta sifa. Alikuwa amewapokea watu miaka minne. Alitaka naye apokelewe, mara moja, kabla moyo haujakataa kabisa. Kungoja mwisho hakungewezekana tena.

Jumatano moja, saa saba mchana, akaliweka kikundini.

Ile Jumatano ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa siku ya Jonah Kitonga, fundi wa mawe kule Wote. Jonah alikuwa amengoja zamu yake miezi mitano. Shairi lake alikuwa ameliweka asubuhi, la babake, na alikuwa ameketi juu ya mawe yake anangoja majibu. Akaona shairi la msimamizi limekaa juu ya lake. Akaandika: "Mama Ikumbi, hata wewe? Leo si ni siku yangu?" Akaweka alama mbili za kucheka.

Watu wakachangamka. Mmoja akaandika, sheria ni msumeno. Mwingine akaandika, Mama ashtakiwe kwa Mama. Mwingine akaandika, fuata foleni kama sisi sote. Ulikuwa utani, na utani wa watu wanaompenda. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Lakini katika utani wote huo hakuna aliyelisoma shairi.

Dakika nne. Baada ya dakika nne Kaveke alilifuta kwa wote. Akaandika: "Samahani Jonah. Siku ni yako. Mimi nitangoja yangu."

Kisha akalipalilia shairi la Jonah. Siku hiyo hiyo. Alimtumia sauti tatu, jumla yake dakika kumi na moja. Jonah ametuletea hizo sauti hapa studioni na tumezisikiliza. Anasema: "Jonah mwanangu, hii beti ya tatu umeiharakisha. Rudi, tembea polepole. Lakini huu mstari wa babako kuosha miguu kabla aingie nyumba, woi, huu ni wako. Hakuna mtu amekupea." Katikati ya maneno unamsikia akihema.

"Nilifikiri anapanda mlima," Jonah anatuambia. "Kumbe alikuwa ameketi."

Baada ya hapo aliendelea na ratiba miezi mitatu mingine. Hakuligusia shairi lake tena. Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa pili, ndengu zikiwa zimekauka shambani zinangoja kuvunwa, Muthoki alimkuta nyuma ya ghala. Simu ilikuwa mapajani. Alikuwa amemwandikia mtu wa zamu ya siku hiyo nusu ya jibu.

Wana-Ikumbi walikuja mazishini. Walikuja kutoka Wote, kutoka Mwingi, kutoka Kibwezi, wakatambuana kwa sauti. Walitaka kusoma risala ya kikundi, na Jonah akapewa kazi ya kuiandika. Akataka kutaja ni mara ngapi Mama Ikumbi alipata zamu, na mashairi yake yalihusu nini. Yeye na Fahima wakakaa kwenye sebule ya marehemu, wakarudi nyuma ratiba kwa ratiba, mwezi kwa mwezi, miaka minne.

Jina lake halikuwepo. Wakatafuta tena. Halikuwepo. Watu zaidi ya mia moja na sitini walikuwa wamepaliliwa, wengine mara nane, na hakuna siku hata moja iliyowahi kuandikwa Kaveke. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona hilo. Tunasema wetu, kwa sababu hata studio hii ina watu wawili mle ndani ya Ikumbi.

Jonah hakuisoma ile risala. Alisimama, akashika maikrofoni, akasema, "Mama, nisamehe," akairudisha.

Wakaanza kulitafuta lile shairi la Jumatano. Muthoki akapekua simu, halikuwepo. Wakaulizana wote, hakuna aliyelihifadhi. Fahima peke yake alikuwa ameona kitu. Mchana ule alikuwa anampimia mteja leso, simu ikalia, akaona mistari miwili kwenye kioo. Akajiambia atasoma lote baada ya swala. Aliporudi limefutwa. Mistari yenyewe ni hii:

Nimepalilia mengi, mashamba ya majirani,
Langu lina nyasi nyingi, zimefika mlangoni.

Ni hiyo tu. Hesabu kwa vidole ukitaka. Nane huku, nane kule.

Ikumbi bado ipo, kwa jina. Jonah alichukua ratiba, ikamshinda siku ya tisa. Mwalimu mmoja wa Makueni akaichukua, naye akairudisha baada ya wiki mbili, akisema hakujua ni kazi kiasi hicho. Siku hizi mashairi yanakaa siku nzima bila jibu.

Sasa tumalize na maneno ya Mzee Kyule. Tulimtembelea Nuu wiki iliyopita, tukamkuta amekaa mlangoni, ndengu bado zimo kwenye magunia ambayo hayajashonwa. Tulimuuliza kama marehemu aliwahi kumsomea lile shairi. Tutayasema maneno yake kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake.

"Alinisomea," alisema. "Lote. Alikuja akakaa hapa karibu na mimi, akasoma kwa simu. Akamaliza akaniuliza, Kyule, unaonaje? Nikamwambia ni nzuri. Lakini mimi sikusikiza. Hata neno moja sikushika. Nilikuwa nimefungua redio. Ilikuwa hii kipindi yenu. Mlikuwa mnakumbuka mzee fulani wa Ikutha, na mlikuwa mnamsema vizuri sana."

Tulikunywa chai yake, tukaondoka.

Tunampa pole Mzee Kyule. Tunampa pole Muthoki na ndugu zake watatu, na Fahima wa Mwingi, aliyepoteza dada. Jonah, tunakupa pole wewe pia, na tunakuomba usilibebe hili peke yako, maana tulikuwa wengi. Mungu ampumzishe Kaveke Kyule. Alichoka kwa ajili yetu.

Na wewe unayetusikiliza sasa hivi, tafakari. Kuna mtu hapo nyumbani, au kanisani, au kwenye kikundi chako, ambaye kila mara ndiye anayeuliza wengine wako vipi. Muulize yeye yuko vipi. Huenda yuko karibu nawe sasa hivi, na huenda ameshafungua mdomo aseme kitu. Zima redio. Ndiyo, hii hii. Zima, umsikilize.