Gari Lisilonguruma

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, ubavuni mwa duka la misumari na rangi, na mguu wake mmoja umewekewa tofali. Linakaliwa na watatu kwa raha, wanne kwa kuvumiliana. Kila asubuhi yuko Mama Kahawa na birika lake. Yuko Spana, fundi wa magari mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Yuko Takwimu, karani mstaafu ambaye hajawahi kukosa idadi ya kitu chochote. Na mimi niko na kiatu cha mtu mapajani. Wa tano ni Taratibu, dereva wa teksi, jina alilopewa na abiria wenye haraka. Asubuhi hiyo teksi yake kuukuu ilikuwa imeegeshwa mbele ya gereji, na upande wetu lilikuwa gari jeupe la umeme, ambalo kampuni moja ilimwachia kwa siku mbili alijaribu. Saa sita mchana muuzaji angefuata jibu. Taratibu akisema ndiyo, teksi yake ya miaka kumi na minne ingechukuliwa palepale katika mabadilishano, isirudi tena. Akisema hapana, jeupe lingeondoka. Tayari ilikuwa saa nne.

— Nauliza tu, alisema Taratibu. Nyinyi mngekuwa mimi, mngefanyaje?

— Ningeanza kwa kunyoa ndevu, akasema Mama Kahawa. Muuzaji anakuja na wewe umekaa kama umetoka kufiwa.

— Mama, mimi nasema la maana.

— Na mimi nimesema la maana. Haya, kunywa, inapoa.

Spana alikuwa amekwisha kulizunguka gari jeupe mara tatu. Spana hawezi kupita karibu na gari bila kufungua kitu. Alifungua boneti, akainama, akabaki ameinama. Sisi wote tukasimama kwenda kuona.

— Injini iko wapi? nikamuuliza.

— Ndiyo nashangaa. Humu mna beseni.

Kweli lilikuwa beseni jeusi safi, la ukubwa wa kuogeshea mtoto. Mama Kahawa akalipima kwa macho.

— Vikombe vyangu vyote vinaenea humu, akasema. Na sukari.

— Mtu mzima ananunua gari anapewa beseni! Spana akafunga boneti kwa hasira. Sasa likiharibika, nitashika nini? Nitalibembeleza?

— Huenda haliharibiki, akasema Taratibu kwa sauti ndogo.

— Kila kitu kinaharibika, ndugu yangu. Kama haliharibiki, basi si gari.

Hapo niliona Taratibu akiangalia chini, nami nikajifanya natafuta sindano. Mtu yeyote wa kijiwe chetu anajua kwamba Spana ndiye aliyeishusha injini ya teksi ile mara mbili na kuirudisha, na kwamba akiisikia tu inakata kona anajua imekunywa mafuta mabaya. Anaiita Bibie. Yeye na Taratibu hawajawahi kugombana ila siku Taratibu alipobadilisha plagi kwa fundi mwingine, akiwa safarini, na ikawachukua wiki nzima kusameheana.

Takwimu alikuwa anasubiri zamu yake. Akakohoa kikohozi chake cha ofisini.

— Tuliangalie jambo hili kitaalamu. Taratibu, unakaa ghorofa ya ngapi?

— Ya tatu.

— Waya wa kuchajia una mita ngapi?

— Muuzaji alisema tano.

— Dirisha lako liko mita tisa kutoka chini. Umebakiwa na mita nne angani. Utaliinua gari?

Tukacheka, na Taratibu naye akacheka kidogo. Lakini swali lilikuwa la kweli, na alikuwa amelifanyia kazi. Alisema alikwenda kwa mwenye nyumba, wakazungumza, na mwenye nyumba amekubali soketi iwekwe pale chini karibu na mita za umeme, yenye kufuli lake.

— Na umeme ukikatika? nikauliza mimi.

— Likijaa linakwenda siku mbili za kazi.

— Nani kasema?

— Muuzaji.

— Muuzaji! Takwimu akainua kidole. Hizo siku mbili amehesabu na kilima cha hospitali? Amehesabu na wale kina mama wanaotoka sokoni na magunia? Amehesabu na wewe unavyowasha redio?

— Redio inakula umeme?

— Kila kitu kinachosema kinakula.

— Basi wewe ungekuwa umetumaliza, akasema Mama Kahawa, akammiminia nusu kikombe.

Spana akarudi benchini. Sasa alikuwa amepata njia nyingine ya kulipinga gari.

— Mimi linanitia wasiwasi kwenye maji. Betri yenyewe imelala chini ya viti. Mvua ikinyesha, barabara ikijaa maji, abiria amekaa juu ya umeme.

— Wangekuwa wamekwisha kufa wengi huko yanakotengenezwa, nikasema.

— Huko hakuna madimbwi kama yetu.

— Na radi? akadakia Takwimu. Radi inatafuta umeme mwenzake. Miguu minne ya radi kati ya kumi itaanza kufuata haya magari.

— Umeihesabu wapi miguu ya radi?

— Mama, haya ni makadirio.

— Na tena, akaendelea Takwimu, hilo gari lina mawasiliano na kampuni. Linajua ulipo. Linajua umesimama wapi na kwa dakika ngapi. Nakwambia, baada ya miaka mitano litakuwa linakwenda kuchaji lenyewe, na linapita kwako kukuchukua likiona umechelewa kazini. Miaka kumi, linakubebea abiria peke yake, wewe unabaki hapa na kahawa.

— Hilo sasa zuri, akasema Taratibu.

— Zuri? akasema Takwimu. Litakuwa linakuamkia wewe, au wewe ndiye utakayeliamkia?

Jua lilikuwa limefika kwenye kioo cha gari jeupe, na Taratibu akasema afadhali alisogeze kivulini kabla viti havijachemka. Akaingia, akabonyeza kitufe. Tukasubiri. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu kwa nguvu, akatuangalia kupitia dirisha kwa uso wa mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

— Haliwaki.

— Nilisema mimi! Spana akaruka. Siku ya pili tu! Haya, tulisukume.

Basi tukasukuma. Spana na mimi nyuma, Takwimu ubavuni akituhesabia moja mbili tatu, Mama Kahawa akitusihi tusimwage kahawa. Tulisukuma mpaka mshipa wa shingo ya Spana ukasimama. Gari halikusogea hata unene wa ukucha.

Alikuwa akipita dada mmoja, mgeni mtaani, na kiatu mkononi; alikuwa ananitafuta mimi kwa ajili ya kisigino. Akasimama kwenye dirisha la dereva, akachungulia ndani.

— Mbona mnalisukuma gari limewaka?

— Limewaka wapi, dada? akasema Spana, anahema. Unasikia mlio?

— Sisikii. Lakini hapa pameandikwa "tayari". Na hiki kimkono cha gia kiko kwenye kuegesha.

Tukaja wote kuchungulia. Palikuwa pameandikwa, kwa rangi ya kijani, herufi kubwa kama za duka la dawa. Takwimu alivaa miwani yake, akasoma, akaivua. Niliona haya kwa niaba ya benchi zima.

— Samahani, akasema yule dada, na aliuliza kwa wema tu, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua: Linakwendaje barabarani?

Spana akamtazama Takwimu. Takwimu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Taratibu. Tulikuwa tumekwisha kuzungumza radi, madimbwi, kilima cha hospitali na miaka kumi ijayo, na hakuna mmoja wetu aliyejua.

— Siku mbili hizi umelipeleka wapi? nikamuuliza Taratibu.

— Sijalipeleka popote.

— Hujaliendesha?

— Muuzaji ndiye aliyelileta mpaka hapa. Jana nimefanya kazi na Bibie.

— Kwa nini lakini, mzee? Mama Kahawa akaweka birika chini. Umetusumbua siku mbili, mngefanyaje, mngefanyaje! Unaliogopa?

Taratibu alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili. Hakumtazama Spana alipojibu, na ndiyo maana sote tulijua anamjibu nani.

— Naogopa nitalipenda.

Nilimwonea huruma Spana kuliko nilivyowahi kumwonea, maana hakuwa na neno la kutania, na mtu kama yeye akikosa la kutania anabaki uchi. Alitazama ng'ambo, kwenye gereji yake, kwenye teksi kuukuu iliyokuwa imesimama mlangoni. Kisha akazunguka mbele ya gari jeupe, akafungua mlango wa abiria, akakaa.

— Twende, akasema.

— Wapi?

— Kilima cha hospitali. Usiende taratibu.

Wakaondoka bila sauti. Kitu pekee tulichosikia ni kokoto chini ya matairi, na kwenye kona tukamwona Spana ametoa kichwa chote dirishani, sikio limegeukia barabara, anatafuta ugonjwa.

Nilimtengenezea yule dada kisigino chake. Takwimu hakuhesabu chochote. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa sita waliporudi, na gari lilikuja likasimama mbele yetu hata hatukulisikia. Taratibu alibaki ndani, kama mtu asiyetaka kushuka. Spana akashuka, akafunga mlango polepole, akakaa pale anapokaa siku zote.

— Vipi kilima? nikamuuliza.

— Limekipanda, akasema.

Akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, ingawa haikuwa na grisi hata tone.