Gibson Sanga na Koti la Mahari

Wilfred Mwakalinga alikutana na marehemu Gibson Sanga kwa mara ya kwanza sebuleni kwao Boko, Jumamosi ya tarehe 16 Juni 2012, siku ya kupanga mahari ya dada yake, Vaileth. Baba yao alikuwa ameshafariki, hivyo Wilfred, mfanyabiashara wa viazi, alikalia nafasi ya baba, akavutana na wageni kama yuko sokoni. Wenzake walipodhani yamekwisha, akasema, "Bado koti la baba mkwe. Kwetu haliachwi."

Gibson hakuwa amelinunua. Alichukua lile zito alilosafiria usiku kutoka Makambako, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza akirudi atavaa nini kazini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1984, Tandala, Makete. Alimaliza darasa la saba mwaka 1999, akaenda Makambako kujifunza ufundi wa malori. Kazi yenyewe ilikuwa ya nje. Mwezi wa saba, sakitu ya baridi kali ikiwa bado nyeupe kwenye majani, alitandika maboksi chini ya gari, akajaza magazeti ndani ya ovaroli. Spana alizipasha kwanza kwenye kopo la oili chafu iliyowashwa, maana chuma kilicholala nje kinauma vidole.

Alifunga ndoa na Vaileth tarehe 6 Oktoba 2012, wakaishi Makambako.

Julai 2014 lori la Wilfred liliharibika gia huko huko. Alipofika alimkuta shemeji yake chali chini ya gari, midomo imepauka. Wilfred alisimama pembeni, amevaa lile koti.

"Shikamoo, Baba Mkwe!" Gibson alimtania. "Naona limekukaa."

"Linabana mabegani."

"Vumilia, litalegea tu."

Mafundi wakacheka. Wilfred naye akacheka, akafunga vifungo.

Miaka baadaye, kifua kilipoanza kumsumbua Gibson, Wilfred alimpelekea koti. Gibson akalisukuma. "Mahari hairudishwi, Shemeji. Nikilipokea, si utadai dada yako arudi?" Wilfred angeweza kumnunulia jingine mitumbani. Hakununua. Kila mara palikuwa na mzigo wa viazi wa kuwahi.

Mwaka 2023 familia ilihamia Boko kufuata joto, lakini kifua hakikupona. Gibson alilazwa Mwananyamala, akafariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Julai 2025. Madaktari walitaja mapafu, baridi hawakuitaja. Anayeitaja ni Wilfred, wala hakuna aliyemuuliza.

Marehemu ameacha mjane, Vaileth, watoto wawili, Benson na Bupe, na mama yake mzazi huko Tandala. Siku ile ya mahari Wilfred alipata kila alichodai. Gibson alipata mke, na mpaka mwisho alisema yeye ndiye aliyefaidika.

Mungu ampokee, asimtake aongeze kitu.