Watoto Wasio na Wino Kidoleni

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Bobbo, yule mnayependa kumtania kwamba ana sauti ya chura. Leo hakuna salamu za harusi wala matangazo ya mbuzi waliopotea. Tumefiwa. Jumatatu, baada ya swala ya alasiri, tulimzika dada yetu, Adda Astajam Hammawa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Figo zilimsumbua miezi minane, mwishowe zikamshinda.

Wengi mlimjua kwa jina la mama wa daftari. Na baadhi yenu mlikuwa mnajificha mkimwona anakuja, msibishe, kwa sababu Astajam akikuuliza una watoto wangapi, hatoki mlangoni mpaka awaone kwa macho yake. Leo nitawaeleza alianza vipi kuwa hivyo. Ni habari ya siku chache tu, miaka kumi na minne iliyopita, kambini Wuro Manga, mwaka wa surua. Nilikuwepo. Kuna jambo moja katika habari hii sijawahi kulisema hapa redioni, na leo nitalisema.

Astajam alizaliwa Gorel. Alisoma mpaka darasa la sita, akaolewa na Hamman, kijana mpole mwenye ng'ombe wachache. Wenye bunduki walipoingia Gorel, Hamman alirudi zizini kufungulia ng'ombe, na hakuonekana tena. Astajam alifika Wuro Manga kwa miguu pamoja na mama mkwe wake, Inna Diija, na watoto wawili. Nasema wawili. Shikeni hapo.

Kambi ilikuwa kwenye viwanja vya shule. Barabara ya kuja kwetu ilikuwa imekatwa, na gari lilipita mara moja kwa mwezi, tena kwa kusindikizwa na wanajeshi. Watu wa afya walitafuta wanaojua kusoma na kuandika ili waandikishe watoto hema kwa hema. Astajam akachukuliwa. Mimi nilipewa kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kuita watu na kupanga foleni, na nilijiona waziri.

Daftari lilipokamilika lilikuwa na watoto elfu moja mia tisa na kumi na wawili. Chanjo ya surua ikaja kwa hesabu hiyohiyo. Kila aliyemo kwenye daftari alichanjwa, akatiwa wino kwenye kidole cha mwisho. Asiyemo alirudishwa. Mkubwa wetu, Malam Sanusi, aliliweka wazi: "Bobbo, jina halimo, mtoto haingii. Watu wa mjini wanaleta wa kwao humu." Nami nikarudisha.

Wiki mbili baadaye watoto wakaanza kuugua. Macho mekundu, homa, vipele. Walianza watano, wakawa ishirini, wakafika arobaini. Watoto kumi na tisa walikufa, wasikilizaji. Kumi na tisa. Na kambi ikaanza kunong'ona kwamba chanjo ndiyo inayoua. Kufikia Jumanne wanaume walikuwa hawanong'oni tena.

"Ijumaa tukitoka msikitini tunalichoma lile hema lao," mmoja aliniambia usoni. "Na wewe na debe lako la kelele uwe mbali."

Niliogopa.

Jumanne hiyohiyo Astajam alikuwa zamu kwenye hema la wagonjwa, anaandika wanaoingia. Mgonjwa wa arobaini na tatu aliletwa amebebwa mgongoni na Inna Diija. Alikuwa binti wa Astajam mwenyewe, miaka minne. Astajam akaandika: mtoto wa kike, hema la 112. Hakuandika jina.

Mnajua sababu. Kwetu mama hamtaji kifungua mimba wake kwa jina. Ni haya. Hamwiti, hampakati mbele za watu, na ukimuuliza habari zake atatazama pembeni. Huyo ni mtoto wa bibi. Hata mimi nilikuwa na ndevu ndipo nikamsikia mama akinitaja, tena kwa bahati mbaya.

Inna Diija bado yuko nasi, na juzi aliniambia ilivyokuwa. "Nilidhani atamgusa mtoto. Hakumgusa, watu walikuwepo. Akabaki anaikodolea ile karatasi. Nikamwambia, we mwanamke, mtoto anaungua, unasoma nini? Akaniambia, Inna, subiri."

Alikuwa anasoma nafasi tupu. Mtoto wa kike, hema la 112. Mtoto wa kiume, hema la 30. Mtoto wa kiume, hema la 71. Mstari baada ya mstari hauna jina. Katika wagonjwa arobaini na watatu, thelathini na wanane hawakuwa na jina, kwa sababu mama zao hawakulitaja. Wote thelathini na wanane walikuwa vifungua mimba.

Akaanza kuzunguka vitandani anakunjua vidole. Hakuna wino. Akarudi tena tangu mwanzo. Katika wale thelathini na wanane, waliokuwa bado vitandani hakuna hata mmoja mwenye wino kidoleni.

Chanjo haikuwa mbovu. Watoto wale hawakuchanjwa. Na hawakuchanjwa kwa sababu hawakuandikwa. Waandikishaji waliwauliza mama, "Nitajie watoto wako," na mama wakataja kuanzia wa pili. Mgeni kutoka mbali angeuliza mara ya pili. Lakini waandikishaji walikuwa watoto wa hapahapa, wenye adabu zao, na nani ana uso wa kumbana mwanamke kuhusu kifungua mimba? Astajam alikuwa mmoja wao. Hema lake la 112 aliliandika mwenyewe: mtoto mmoja, Sali, miaka miwili.

Alikwenda kwa Malam Sanusi. Nilikuwa pale.

"Malam, tuna watoto nje ya daftari. Mamia."

"Mamia?" Malam Sanusi hakuinua kichwa. "Mwezi uliopita kwenye mgao wa mablanketi mlikuwa na mapacha kila hema. Leo mmezaa tena?"

"Sio uongo, Malam. Ni vifungua mimba."

"Adda, sikiliza. Gari linapakia kesho kutwa. Alhamisi adhuhuri napeleka hesabu kwa redio ya jeshi. Nikiomba mamia ya dozi za hewa, mwezi ujao hawanipi hata moja. Niletee majina. Jina, umri, hema. Si maneno."

Ilikuwa Jumanne jioni. Siku moja na nusu. Gari likipita bila hesabu mpya, lingine ni mwezi mzima, na surua haingoji mwezi. Halafu kuna Ijumaa na kiberiti chake.

Hakwenda kwa mama wa watoto. Alijua hawatasema. Alikusanya bibi zao. Inna Diija ndiye aliyetangulia, na ulimi wake mnaujua. Walipita hema kwa hema, na pasipo na bibi waliuliza mke mwenza, na pasipo na mke mwenza waliuliza jirani. Niliwafuata siku nzima ya Jumatano na kipaza sauti begani, kimezimwa.

"Kifungua mimba wa hema hili ni nani?" Astajam aliuliza.

"Kwa nini? Mnataka kumchoma sindano yenu?"

"Nataka afike mwakani," Inna Diija alimwambia yule mwanamke. "Wewe una mwingine wa kubadilisha?"

Wengine walitufukuza. Mzee mmoja alimwita Astajam mwanamke asiye na haya, na akatema mate karibu na miguu yake. Astajam akauliza tena swali lile lile, sauti ile ile. Na binti yake alikuwa hema la wagonjwa, hawezi kumeza hata maziwa. Kila akipita alisimama mlangoni kidogo, kisha akaendelea.

Alhamisi saa tano na nusu aliweka karatasi mezani. Watoto mia nne na kumi na sita.

Hema lilikuwa limejaa. Jauro, kiongozi wa watu wa kambi, yupo, mdogo wa baba mkwe wa Astajam yupo, wazee wamekaa. Malam Sanusi alipitisha macho, akafungua daftari la zamani, na nadhani alitaka kumnasa.

"Hema la 112. Daftari linasema mtoto mmoja. Hili nani aliandika?"

"Mimi, Malam."

"Kwenye karatasi yako mpya hema la 112 lina mtoto wa pili, na jina hakuna. Umewatajia watu vifungua mimba wao mia nne, wa kwako humtaji? Basi nitajuaje kwamba hawa wengine ni kweli?"

Inna Diija akafungua mdomo amsaidie. Malam akainua mkono: "Aseme yeye."

Wasikilizaji, nimeona bunduki. Nimelala chini risasi zikipita. Lakini siku ile niliogopa zaidi. Shingo ya Astajam ilikuwa imelowa jasho. Alitazama mchanga. Wazee nao wakatazama mchanga, kwa ajili yake.

"Habsatu," alisema. "Habsatu binti Hamman. Miaka minne. Msimwekee dozi, ameshaugua. Ila aandikwe."

Malam Sanusi alivua miwani. Akaandika kwa mkono wake. Dakika kumi kabla ya adhuhuri hesabu ikaenda.

Habsatu alifariki Ijumaa asubuhi.

Ijumaa hiyohiyo wanaume walitoka msikitini kama walivyoahidi. Walimkuta Astajam amekaa mbele ya hema la chanjo, akiwa na karatasi, na bibi wengi nyuma yake. Hakuwahubiria. Aliwasomea wagonjwa mmoja mmoja: huyu wa nani, kidole chake kina wino au hakina. Wakawa wanakwenda kuangalia wenyewe. Yule aliyeniambia niwe mbali alirudi kutoka kitanda cha mwanawe, akaketi chini na kuweka mikono kichwani.

Gari lilishambuliwa njiani, likachelewa, likafika Jumapili jioni barafu ikiwa imebaki kidogo sana kwenye makasha. Foleni yote ilikuwa ya bibi, kila mmoja na mjukuu. Wiki iliyofuata waliougua walikuwa saba. Iliyofuata wawili. Kisha hakuna.

Tangu hapo, kambi zote za upande huu, swali la kwanza la fomu huulizwa bibi. Kipindupindu kilipokuja ilikuwa hivyo, na polio hivyo. Astajam alizunguka akiwafundisha waandikishaji. Sali, mwanawe, ameniambia: "Mama alikuwa haamini daftari lililojaa. Alikuwa anasema, nionyeshe palipo wazi."

Sasa lile langu.

Siku ya chanjo ya kwanza, bibi mmoja alifika mbele ya foleni na mtoto wa kike mgongoni. Nilikuwa nimesimama juu ya meza, nikapekua daftari. Nikasema kwa kipaza sauti, watu wote wakasikia: "Bibi, mjukuu wako hayumo, pisha wenzako." Alibembeleza. Watu walicheka, nami nikacheka. Yule bibi alikuwa Inna Diija. Yule mtoto alikuwa Habsatu.

Astajam alijua, mama mkwe wake alimwambia siku ileile. Jumapili jioni, baada ya Habsatu kuzikwa, nilimfuata nimwombe radhi, akanitangulia. Akaniita kaka, akasema, "Hamma Bobbo, siku nyingine mtoto asipokuwemo kwenye daftari, rudisha daftari." Akaondoka kwenda kwenye foleni, na kwa miaka kumi na minne hakulitaja tena. Aliniletea maziwa mke wangu alipojifungua.

Inna Diija, Sali, na ukoo wote wa Hammawa, poleni sana. Mungu amweke pema, na awakutanishe, yeye na Hamman na Habsatu. Na ninyi mnaonisikiliza, wenye madaftari na wasio nayo, kabla hamjalala leo hebu fikirini ni nani katika nyumba yenu, katika mtaa wenu, ambaye hayupo kwenye orodha yoyote.

Inna, najua redio iko karibu nawe. Siku ile nilipaswa kushuka pale kwenye meza na kumpisha mtoto. Sikushuka. Naomba unisamehe.