Hezekiah Musili, Aliyefunika Kamera Kwanza

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Kangemi na Uthiru, wapiga picha mliofunga kazi leo mkaja, na jamaa wote mliotoka Mwala kwa basi la alfajiri, familia imeona historia ya ndugu yetu isomwe hapa kanisani kabla hatujaanza safari ya kumpeleka nyumbani, na imemteua Kavata, dada anayemfuata kwa kuzaliwa, awe msomaji, kwa kuwa hakuna aliyegombana na marehemu kwa miaka mingi kuliko yeye, isipokuwa mkewe.

Hezekiah Musili alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 huko Mwala, wilayani Machakos, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Musili Kioko na marehemu Mama Mbithe. Mvua za masika zilikuwa zimeanza mapema mwaka huo, na mama yetu alipenda kusimulia kwamba paa la nyasi lilivuja pembe zote za nyumba isipokuwa ile alimolazwa mtoto, naye akaichukulia kuwa ni baraka, nasi tukakua tukiamini kwamba ndugu yetu na mvua walishaelewana.

Alianza masomo mwaka wa 1961 katika shule ya msingi ya kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1967 na kupita mtihani wake vizuri, lakini nafasi ya sekondari ikaenda kwa kaka yetu mkubwa, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi wakati huo, na Hezekiah hakunung'unika, au kama alinung'unika basi alinung'unikia mbuzi malishoni. Tangu utotoni alikuwa na tabia moja iliyotutesa, ya kuchukua kitu kilichotengenezwa kwa kazi moja na kukipa kazi nyingine. Mshipi wa baba uligeuka manati, kiondo kipya cha mama kikawa mtego wa kware, na viboko alivyopigwa kwa ajili ya vitu hivyo havikumfunza lolote.

Mwezi wa Juni 1970 alikuja Nairobi, akapata kazi katika studio moja ya picha mtaa wa River Road, ambako alianza kwa kufagia, akapanda akawa wa kuchanganya dawa za kusafishia filamu, na mwishowe akaaminiwa kupiga picha za vitambulisho, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi ndani ya chumba kisicho na dirisha, na huenda kifua chake kilianza kuharibika humo. Mwenye studio alipohama nchi, marehemu alichukua kamera aliyoachiwa kama shukrani, na tarehe 5 Januari 1982 akaenda kusimama Uhuru Park, mahali pa wazi, chini ya jua la Mungu, akasema kwamba kuanzia siku hiyo hatafanya kazi tena chini ya paa la mtu.

Wenzake wa pale uwanjani watatuunga mkono tukisema kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kwamba anayepiga picha nje huanza kazi kwa kujiandaa, kabla hata hajagusa kamera. Alikuwa na aproni ya turubai yenye mifuko kumi na kitu, aliyoishona mwenyewe, ya mbele kwa filamu mpya, ya kando kwa zilizokwisha kupigwa ili asije akazichanganya, wa kifuani kwa kitambaa laini cha kupangusia lenzi, ambacho kilikuwa fulana kuukuu ya mtoto, na mmoja mkubwa kwa kioo, chanuo na mafuta ya mgando, kwa maana mteja aliyetoka kijijini akiwa na vumbi usoni hatakiwi kuiona picha yake akajuta. Alikuwa na mfuko wa unga uliojazwa mchanga, aliouning'iniza katikati ya stendi ya miguu mitatu ili upepo usiiangushe. Alikuwa pia na mfuko mweusi wenye mikono miwili, na filamu ya mtu ilipokwama ndani ya kamera jua likiwaka, wote walimkimbilia yeye, akaitia kamera humo, akaingiza mikono kama mkunga, akaangalia juu mawinguni huku vidole vikifanya kazi gizani, na filamu ikatoka salama.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Annah Nzembi, binti wa Kathiani, katika kanisa la AIC Mwala, wakahamia Kangemi kwenye vyumba viwili ambavyo hawakuvihama mpaka leo, naye Annah akafungua kibanda cha mboga pale sokoni. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Maureen Mbithe aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1979, ambaye ni mwalimu huko Uthiru na mama wa mjukuu mmoja, na Jackie Nduku aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1983, ambaye ameajiriwa katika ofisi ya mawakili mjini. Ilikuwa ndoa ya watu wawili wenye vichwa vigumu, waliopendana bila kusifiana, na vikombe vya nyumba ile vingeweza kusema vingesimulia mengi.

Mwaka wa 1998 marehemu aliugua kifua kwa miezi miwili, na daktari akamwonya mbele ya mkewe kwamba mapafu yake hayana nguvu tena ya kuvumilia baridi, na kwamba siku atakayonyeshewa mvua ya kutosha ndiyo itakayokuwa mbaya kwake. Annah hakusahau neno hilo hata siku moja. Aliporudi sokoni jambo la kwanza alilofanya ni kumnunulia mumewe koti la mvua, zuri, la kijani, lenye kofia, naye marehemu akalipokea kwa furaha iliyomfanya Annah aone haya, na kabla ya wiki kwisha akalikata. Kofia ya koti aliifanya kofia ya kamera, akaitoboa mbele ili lenzi ichungulie, na mikono miwili akawagawia wapiga picha wenzake wavalishe taa zao za kumulikia, kisha akarudi nyumbani na vipande vilivyobaki akimweleza mkewe jinsi kitambaa kile kilivyokuwa bora.

Annah, kwa kuwa mkaidi hakubali kushindwa na mkaidi mwenzake, alinunua la pili, la mpira, zito kama la askari wa trafiki, akijua mkasi wa nyumbani hauliwezi. Marehemu alilipeleka kwa fundi wa viatu. Siku hiyo majirani wa ploti, waliopanga ua mmoja nao, walisikia Annah akisema, "Baba Maureen, wewe ni mume wangu ama ni mume wa kamera?" naye akajibu kwa upole wake kwamba mtu akilowa hukauka, lakini picha ikilowa imekufa, na mtu aliyejipamba akasafiri mpaka mjini ili apigwe picha hatapata siku ile tena. Jibu hilo lilikuwa zuri, sisi ndugu zake tulilirudia kwa watu tukicheka, na leo linatuuma kulisoma.

Jumamosi ya tarehe 24 Aprili 2004, maharusi walifika Uhuru Park kupigwa picha kabla ya karamu yao, na aliyekuwa ameajiriwa nao tangu kanisani ni rafiki wa marehemu, Were, waliyesimama naye uwanja mmoja kwa miaka kumi na saba. Mvua kubwa ilishuka ghafla, Were akampa Hezekiah kamera yenye filamu ya harusi nzima, akamwomba amngojee pale pale chini ya mti, akafungua mwavuli kumsindikiza bibi harusi mpaka kwenye gari, na wenye harusi katika kuhangaika kwao wakamvuta ndani na gari likaondoka naye, likakwama kwenye msongamano huko juu ya Westlands. Marehemu hakuwa na simu ya mkononi. Alivua jaketi, akavua na shati, akaivika kamera vyote viwili na kuikumbatia, akabaki na fulana chini ya mti uliokuwa ukivuja kama chujio, na watu waliokuwa wamejikinga ng'ambo ya barabara walimpungia mikono aende kwao, naye akatikisa kichwa, kwa sababu alisema atangoja pale, na Were angemtafuta pale.

Were alirudi kwa miguu, akikimbia, jioni ikiwa imeingia, akamkuta anatetemeka hata meno yanagongana, na wote mnaomjua Were mnajua si mtu wa machozi, lakini alilia akimwambia, "Mzee, si ungeenda tu ujikinge, hii ni chuma tu!" Kamera ilikuwa kavu kabisa. Picha za harusi zilitoka zote, na tunaambiwa ni nzuri.

Alilazwa siku ya pili yake akiwa na nimonia, na kwa muda ilionekana kana kwamba angepona, akala uji, akawatania wauguzi, akawa anauliza kama kuna jua nje. Annah alikaa naye kila siku, na neno la mvua hakuligusa, akalihifadhi mpaka mumewe apate nguvu za kugombezwa. Nguvu hizo hazikuja. Hezekiah Musili aliaga dunia Jumatatu tarehe 3 Mei 2004, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na miwili, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mkewe, na ugomvi ule ukabaki na Annah peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania mpaka dakika ya mwisho, mchungaji na kina mama wa ushirika, majirani wa ploti waliopika na kuteka maji bila kuombwa, wanasoko wenzake Annah waliokifungua na kukifunga kile kibanda kwa niaba yake, mwajiri wa Jackie, walimu wenzake Maureen, na wapiga picha wote wa Uhuru Park waliochangia jeneza hili na gari la safari.

Kuna jambo moja limebaki, na Annah ameomba lisomwe kama alivyolisema. Kila jioni ya matanga Were alikuja Kangemi, akasimama nje ya lango la ploti, akatuma mchango wake kwa mkono wa mtu mwingine, hakuingia, na Annah alimwona kila jioni na hakumwita hata kwa kikombe cha chai. Anasema asifichiwe aibu hiyo, isomwe. Anasema bado ana hasira, na kwamba wanaomwambia aitue wampe muda, kwa sababu hasira hiyo ni juu ya mumewe, ni ya nyumbani kwao, aliyemkosea ni Hezekiah mwenyewe aliyeonywa na daktari, akabembelezwa na mkewe, akakata makoti yote mawili, na si haki mtu mwingine abebeshwe. Were alimwomba rafiki yake angoje, hakumwomba afe.

Juzi kamati ya mazishi ilileta jina la mpiga picha wa kutoka Uthiru, kijana mzuri, ili apige picha ya familia pamoja na jeneza, na Annah akakataa bila kutoa sababu, tukadhani ni uchungu tu. Sababu ni hii. Were, tunajua uko pale nyuma karibu na mlango, na tunajua tangu siku ile kamera yako umeibeba tu bila kupiga picha. Mama Maureen anasema itoe begani. Picha hiyo hataki ipigwe na mtu mwingine, na anasema usipige huku unatazama chini. Familia inatoka sasa kujipanga pale nje mbele ya kanisa, yeye atasimama upande wa kichwa, mabinti kando yake, nasi wengine tutajaza nafasi, na hakuna atakayeondoka hapa kwenda Mwala mpaka umemaliza.

Na kwako Hezekiah, mkeo ametuma maneno machache, maana anasema akiyasema mwenyewe hatafika mwisho: pumzika kwa amani, Baba Maureen, na kama huko uendako ni lazima utungoje, basi tungoje ndani.