Kiti Ambacho Sista Tupokigwe Hajawahi Kukikalia

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Tupokigwe Kibona anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa hapa kwenye Kituo cha Utafiti wa Chakula na Presha, Iyula, wilayani Mbozi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake, uwe mfupi, uwe na heshima, na usiwe na malalamiko. Ufupi nitajitahidi. Heshima anayo tangu zamani. Hilo la tatu kamati itanisamehe, maana mimi ndiye mtunza takwimu wa kituo hiki, na huyu mama amenitoa jasho.

Alizaliwa Ibaba, milimani Ileje, ndiyo maana miteremko ya Mbozi haijawahi kumpunguza mwendo. Alianza kazi kwenye zahanati za bondeni Momba, kisha akaja kwetu kupima watu presha nyumba kwa nyumba, na kuandika kila nyumba imepika nini na imekunywa nini siku hiyo. Ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka uifanye na Sista Tupo.

Kosa lake kubwa ni adabu. Utaratibu wetu unasema nyumba itembelewe bila taarifa, ili watu wakutwe wanakula kama wanavyokula siku zote. Sista alikataa katakata. Kwake yeye, kuingia kwa watu bila kutuma salamu kwanza ni kazi ya polisi. Basi kila Jumapili ujio wake ukawa unasomwa kanisani kwenye matangazo, kati ya mazoezi ya kwaya na ndoa za mwezi huo. Jamani, mtafiti wa chakula anatangazwa kanisani! Unadhani wiki hiyo watu watapika nini?

Walichinja kuku. Walipika wali. Na kwa kuwa walisikia utafiti unahusu kahawa, watu wa Iyula, ambao kahawa wanailima na kuiuza huku wenyewe wakinywa chai, wakaanza kumpikia mgeni kahawa. Takwimu zikafika mezani kwangu zikionyesha kata nzima inaishi kwa kuku na kahawa nyeusi. Daktari Balthazar, mkuu wetu wa utafiti, alifurahi nusura apae, akaanza kuandaa mada ya kwenda kusoma mkutanoni Dodoma. Mimi roho haikutulia, nikaenda Isansa, alikokwisha kupita Sista, bila taarifa. Nikakuta ugali, maharage na chai ya rangi, na mama mwenye nyumba akanigombeza kwa kutosema kwamba nakuja.

Tulirudia kazi ya msimu mzima. Daktari alinuna wiki nzima. Sista yeye alishangaa tu tunakasirika nini, akasema watu walikuwa wanampa heshima.

Na hiyo kahawa alikuwa anainywa nani? Yeye. Alisema kikombe cha mgeni hakiachwi, kwa hiyo kila nyumba alimaliza, na akiongezewa alimaliza tena. Yaani katika utafiti wote wa kahawa na presha, mtu pekee aliyekunywa kahawa ya kutosha kutufundisha kitu alikuwa mpimaji, na mpimaji huyo hajawahi kupimwa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na niiseme. Tumembembeleza, hasikii. Daktari amemwamuru, hasikii. Recho wa maabara alimfuata na mashine mpaka jikoni. Sista akampa mtoto wa mgonjwa ambebe, akatokea mlango wa nyuma. Wala si kwamba anaogopa vifaa vya hospitali. Chanjo ya korona ilipofika Momba, akaazimwa kwenda kusaidia, na wafugaji wakawa wanaitazama kwa mbali, alipanda juu ya benchi kwenye mnada wa ng'ombe, akakunja mkono wa gauni, akachomwa wa kwanza mbele ya kila mtu, kisha akakaa akala muhogo wa kuchoma mpaka watu wakapanga mstari. Lakini mkono huohuo ukiutajia mashine ya presha, ghafla una haraka. Jibu lake halibadiliki: atapima akistaafu.

Mwezi Machi, tukipanda mlima wa Isansa, alikaa chini ghafla akashika kichwa. Alisema ni jua. Siku hiyo kulikuwa na mawingu toka asubuhi. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari na sikumgombeza, kwa sababu niliogopa sana. Mama yake mzazi alianguka shambani Ibaba akiwa na umri huuhuu, na hakuna aliyekuwa amewahi kumpima. Sista alitusimulia habari hiyo mara moja tu, akabadilisha mazungumzo.

Sasa nikumbushe siku moja Tunduma, tulipokuwa tunapima madereva wa malori kwenye foleni ya mpaka. Dereva mmoja alikuwa amekesha na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ili foleni isimwache usingizini. Alikataa kushuka, akasema atapima akishavuka. Sista akamsalimia kwa Kibemba, lugha ya kwao Zambia, akapanda ngazi ya lori mpaka dirishani, akamwambia: "Shuka kwenye lori, baba. Presha haipangi foleni." Akashuka. Kipimo kilikuwa kibaya, akakimbizwa hospitali, na mpaka leo akipita Tunduma humuulizia Sista, anamwita mama yake.

Safari hii kamati imejipanga. Zawadi yake ni gauni la kitenge, na fundi ameambiwa mikono iwe mipana. Asubuhi ya sherehe ukumbini hakutakuwa na kahawa wala chai, visije vikapandisha kipimo chake. Kutakuwa na uji, na Recho atalinda birika. Baada ya sala na kabla ya keki, Sista atakaa kwenye kiti cha wagonjwa alichokifuta vumbi miaka yote hii, ameegemea, miguu chini, haongei, kama alivyotufundisha mwenyewe. Hapo kwenye kutoongea tutamvumilia. Majibu ataambiwa yeye peke yake, na Daktari atakuwa karibu. Na asije akalalamika kwamba tumemvamia bila hodi: jambo hili limesomwa kanisani Jumapili iliyopita, kwenye matangazo.

Sista Tupo, asante kwa miguu yako, kwa vikombe vyote ulivyomaliza ili mtu asione amedharauliwa, na kwa kila mtu aliye hai kwa sababu ulimlazimisha. Tunakutakia maisha mema, na tunayataka yawe marefu. Ulisema ukistaafu. Sasa unastaafu. Shuka kwenye lori, mama.

Elina Nzunda
Mtunza takwimu