Wasifu Wangu na Sinema Ambayo Sikuiona

Wapendwa, nawasalimu kwa furaha nyingi. Mchungaji ameniomba niseme kwa ufupi, lakini mnanijua, mimi ni mwalimu, na mwalimu akipewa ubao anaujaza. Nimesimama kwa ajili ya hawa vijana wetu waliomaliza chuo cha ualimu, niwaeleze nilivyoanguka na Mungu alivyoniinua.

Nilimaliza chuo mwishoni mwa miaka ya tisini, serikali ikiwa imeacha kutuajiri moja kwa moja. Kila mtu ajitafutie. Mama yangu alikuwa ameshatangaza Mbumbuni nzima kwamba binti yake ni mwalimu. Nikipita sokoni, wauza nyanya wananiita, "Mwalimu! Mwalimu!" na mimi sina hata darasa la chekechea. Ndugu zangu, nawaambia, jina zuri linaweza kuwasha kama pilipili.

Basi nikaambiwa niandike wasifu, ile karatasi ya kujieleza kwa wanaokuajiri. Nikaenda Kitui kwa mpiga taipu mmoja aliyekuwa na mfano wake wa wasifu tayari. Wengi wa chuo chetu tulipita kwake. Alibadilisha jina na shule ulizosoma, mengine akayaacha vile vile. Chini kabisa aliandika kwamba napenda kusoma, kusafiri na kutazama sinema. Niliona ni Kiingereza kizuri, nikatia sahihi.

Siku ya mahojiano, mzee mmoja wa kamati ya shule akavua miwani. "Mwalimu, sinema ya mwisho ulitazama wapi?"

Nikainama kuisoma karatasi yangu, kana kwamba jibu liko humo.

"Huyu ametoka hapa sasa hivi pia anapenda sinema. Na yule wa kwanza. Mnaona wapi hizo sinema, na huku hata stima hakuna?"

Kamati nzima ikacheka. Nanyi mnacheka? Chekeni tu, siku hizi hata mimi nacheka. Lakini siku ile nililia njia nzima. Nikaacha hata kuja hapa kanisani, maana nanyi mlikuwa mnaniita mwalimu.

Mama alinivumilia, kisha asubuhi moja akasema, "Mwiitu, binti yangu, unalia hapa na yule mwalimu alikuona ukifundisha bado yuko. Si uende kwake?"

Mwalimu huyo ni mama mmoja aliyeniongoza kazini nilipofanya mazoezi ya kufundisha upande wa Mwingi. Nilimkuta akiambua mbaazi. Alisoma karatasi yangu, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kitu kingine.

"Huyu ni nani?" akauliza. "Mimi simjui. Na mambo ya mto iko wapi?"

Acha niwaeleze huo mto. Wakati wa mazoezi yangu kiangazi kilikuwa kikali, darasa likabaki na watoto wachache. Wengine walikuwa mtoni, wamepanga mitungi kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka, wanangoja maji yajae. Nikabeba ubao mdogo nikawafuata. Tulihesabu mitungi, tukaondoa iliyojaa, tukasoma hadithi papo hapo kwenye foleni. Mvua iliponyesha, walirudi darasani wakiwa sawa na wenzao.

"Lakini mwalimu," nikamwambia, "hiyo ni shida tu ya huku kwetu. Nani anaandika shida kwa wasifu?"

"Si shida unaandika, mwanangu. Unaandika vile ulifanya. Vuta kiti."

Tukaanza upya. Juu tukaweka mazoezi ya kufundisha: darasa gani, somo gani, nilifanya nini, watoto walipata nini. Kisha shule ya Jumapili niliyofundisha hapa hapa, kwa sababu hiyo nayo ni kufundisha. Sinema tukaifuta. Akakubali niweke jina lake kama mtu wa kuulizwa habari zangu, akanionya nisiandike jina la mtu kabla ya kumwomba ruhusa.

Mahojiano yaliyofuata yalikuwa katika shule nyingine, huku huku Makueni. Mwenyekiti wa kamati, mkulima, aliweka kidole kwenye mstari wa mto na hakukiondoa.

"Hata hapa watoto hupotea wakati wa kiangazi," akasema. "Hebu tuambie, ulianza aje?"

Niliongea mpaka chai yao ikapoa. Sikutafuta maneno, maana nilikuwa nasema mambo niliyoyafanya mwenyewe.

Walinichukua. Nikirudi nyumbani nilipita sokoni makusudi, na muuza nyanya alipoita, "Mwalimu!" niliitika kwa sauti mpaka akashtuka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama aliyenisukuma, na mwalimu wangu wa mbaazi. Nawashukuru nanyi mlioniita mwalimu kabla sijapata darasa, mkaendelea kuniita hivyo hata nilipowakimbia. Moyo wangu umejaa.

Na nyinyi vijana, kazi yenu ya huku nyumbani msiionee haya. Baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni na kalamu. Leteni karatasi zenu tuziangalie pamoja. Lakini ukiniletea sinema, nitakuuliza uliionea wapi.