Mzee Mwinyimvua na Safu ya Maelezo

Mzee Mwinyimvua Mohamedi Mtulia, tarishi wa Mamlaka ya Mji Mdogo wa Mtundani, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia ofisi hii miaka thelathini na minne, yote akiwa juu ya baiskeli. Ukiondoa sikukuu za Idi, likizo zake za halali, na wiki tatu alizolazwa kwa sababu itakayoelezwa huko mbele, hajakosa kazini hata siku moja. Kwamba anastaafu akiwa hai ni jambo ambalo ofisi inajivunia sana, ingawa haikuchangia chochote.

Aliajiriwa mwaka 1991, wakati huo tukiwa bado ofisi ya kata: chumba kimoja, kabati moja lenye kufuli lisilo na ufunguo, na baiskeli ya Foniksi iliyokosa breki ya nyuma. Kijana wa Njianne, miaka ishirini na sita, akakabidhiwa vyote vitatu. Kabati lilimshinda. Baiskeli alielewana nayo.

Siku zile barabara kuu ilikuwa ya vumbi na mashimo, na mashimo yale, tukisema ukweli, yalikuwa na adabu. Basi la Lindi likifika shimoni lilisimama, likafikiri, ndipo likaingia. Mwinyimvua alikuwa akilipita pale Ikwiriri, akipungia abiria mkono, na barua ikafika kabla ya basi. Barua za Mbuchi alizipeleka kwa baiskeli mpaka kivukoni, kisha yeye na baiskeli wote wakapanda mtumbwi. Alifika na suruali imelowa hadi kiunoni na barua kavu kabisa, kwa kuwa alizivaa ndani ya kofia. Wazee wa Mbuchi wakimwona anavua kofia hawakujua anawasalimu au anawaletea wito wa baraza, kwa hiyo walisimama wote kwa tahadhari.

Kisha lami ikaja. Tulicheza ngoma, na mstaafu wetu alicheza nasi, hilo halifichiki. Magari yakapata mwendo. Watembea kwa miguu wakapata mistari myeupe mbele ya soko. Baiskeli hazikupata kitu. Lami inaishia pale inapoishia, kama imekatwa kwa kisu, na chini yake kuna mchanga unaomeza tairi mpaka kwenye spoki. Na hebu tuulizane, mji huu unakula kwa chombo gani? Mpunga unaingia sokoni juu ya keria. Ufuta, juu ya keria. Samaki wakavu wa delta, juu ya keria. Mgonjwa anakwenda zahanati juu ya keria, na akishindikana anarudi vilevile. Chombo kinacholisha mji mzima kilisahauliwa na watu waliokuwa wameshiba.

Mwaka 2009 ofisi ilikikumbuka, na heri isingekikumbuka. Ilitolewa sheria ndogo kwamba baiskeli zote zishuke kwenye lami na zipite pembeni, ili zisisumbue magari. Matangazo yapelekwe vitongoji tisa ndani ya siku tatu. Yapelekwe na nani? Na tarishi. Kwa chombo gani? Kwa baiskeli. Mzee Mwinyimvua alilisoma tangazo, akaliweka kofiani, akashuka kwenye lami kama lilivyoagiza, na akaisukuma baiskeli mchangani kitongoji hadi kitongoji. Alimaliza siku ya nane. Sheria ilikuwa imeanza kutumika siku tano kabla watu hawajaisikia, na aliyepewa barua ya onyo kwa uzembe ni mtu pekee mjini aliyeitii.

Barua ile ya onyo ndiyo iliyozaa jambo tunalomkumbukia. Ilimwagiza kwamba tangu siku hiyo, akichelewa, aandike sababu katika safu ya mwisho ya kitabu cha dispachi. Kwa wasiokijua, hicho ndicho kitabu anachotembea nacho tarishi: tarehe, barua inakwenda kwa nani, saini ya aliyeipokea, na pembeni safu nyembamba ya “Maelezo” ambayo ofisi nyingine zote huiacha tupu. Mwinyimvua si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Aliijaza.

“Nimechelewa dakika arobaini. Basi limenitoa barabarani, kalavati la Mparange.” “Nimechelewa saa moja. Lori limepiga honi nikiwa ubavuni mwake, nimeangukia mchangani, mnyororo umekatika.” “Sijachelewa, ila utingo amenirushia ganda la ndizi na kuniambia, mzee, lami ya watu hii.” Mwaka 2017 kioo cha basi kilimvunja kiwiko na akalazwa. Aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua kitabu kwa mkono wa kushoto na kuandika: “Nimechelewa siku ishirini na moja. Kioo.”

Kila mstari ulisainiwa na aliyepokea barua. Aliyepokea nyingi ni Bwana Nicolaus, mkuu wetu wa ujenzi, mtu mwenye saini nzuri kupita zote katika jengo hili, na ya haraka.

Sasa tuje kwa Maneno. Maneno alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, akitoka nao upande wa Mbuchi mara mbili kwa wiki. Aprili 2019, asubuhi, watu wakinywa chai, aligongwa pale kalavati la Mparange. Kalavati lile ni jembamba, lami inabanwa, na pembeni hakuna hata huo mchanga. Kuna hewa, halafu mtaro. Aliyegonga hakusimama. Mjane wake, Mwanaidi, hakuomba rambirambi. Aliandika barua ya ukurasa mmoja akiomba njia ya baiskeli kutoka sokoni mpaka ng'ambo ya kalavati, kilomita moja na nusu tu, ili watoto wake wasiende shuleni kwa kugombania nafasi na magari kama lile lililomuua baba yao. Mzee Mwinyimvua aliibeba barua hiyo kofiani.

Ilikaa kimya miaka minne. Mwaka 2023 Mwanaidi alikuja mwenyewe mbele ya kamati ya barabara, akajibiwa na Bwana Nicolaus, kwa upole mwingi, kwamba barua yake haijawahi kufika.

Mstaafu wetu alikuwa amesimama mlangoni, akisubiri bahasha. Kwa kanuni tarishi hasemi kwenye kikao. Alisema. “Imefika, bwana. Na aliyeipokea ni wewe.” Akafungua kitabu, na saini ile nzuri ilikuwepo, imetulia, tarehe 6 Mei 2019.

Kamati ikageuza upepo. Ikasema sawa, barua ipo, lakini mradi hauanzi kwa barua, unaanza kwa takwimu, na takwimu za ajali za baiskeli hakuna. Hilo lilikuwa kweli. Fomu yetu ya ajali ina sehemu ya magari, sehemu ya pikipiki, sehemu ya watembea kwa miguu, na sehemu ya “mengineyo”. Maneno bin Abdalah, baba wa watoto watatu, mtu aliyekuwa akijua kwa kunusa tu kamba waliokaushwa juzi na waliokaushwa jana, yuko kwenye mengineyo ya mwaka 2019, pamoja na mbuzi wawili na nguzo moja ya umeme. Mwandishi wa habari hizi anafanya kazi masjala. Faili hilo amelishika. Nguzo ilibadilishwa wiki ileile.

Mzee Mwinyimvua alitoka, akarudi na vitabu kumi na kimoja vya dispachi vimefungwa kwa mpira wa tairi. Ajali na nusu-ajali mia moja sitini na tatu, kila moja na tarehe, mahali na saa. Mjumbe mmoja akasema safu ya maelezo si takwimu, maana haijathibitishwa na ofisa. Ndipo mzee akavaa miwani na kuanza kusoma. “Machi kumi na moja, elfu mbili na kumi na nne. Lori limenisukuma mtaroni, barua imelowa. Imethibitishwa, saini ya Bwana Nicolaus.” Akafungua ukurasa. “Julai mbili. Basi. Nimechubuka goti. Imethibitishwa, saini ya Bwana Nicolaus.” Alifika ya tisa akakatizwa.

“Mzee wangu,” alisema Bwana Nicolaus, jasho likimtoka, “mimi nilikuwa nasaini kupokea barua. Sikuwa nasaini kupokea ajali.”

“Basi, mwanangu, ajali tulikuwa tunampelekea nani?”

Bibi Hadija wa jikoni, aliyekuwa akigawa chai, ndiye aliyesaidia kikao kuendelea. “Hata chai hii mnaichungulia kwanza kama ina mdudu,” alisema, akaweka sinia.

Ofisi haikukaa bure baada ya hapo. Mwaka 2024 ilisimamisha bango: WAENDESHA BAISKELI, KUWENI WAANGALIFU. Lilisimikwa pembeni mwa lami, hatua ishirini kabla ya kalavati, katika kile kipande pekee cha udongo mgumu ambacho baiskeli zilikuwa zikipita. Sasa anayetaka kulipita bango la usalama inambidi aingie katikati ya barabara. Mzee Mwinyimvua ameliandika bango hilo katika safu ya maelezo mara sita.

Lakini mpango wa njia yenyewe umechorwa, kilomita moja na nusu kama Mwanaidi alivyoomba, kalavati likiwa limepanuliwa. Tangu Februari uko mezani kwa Bwana Nicolaus, katika trei ya kazi za haraka, unasubiri saini. Kati ya saini zote alizozimwaga kwa wepesi miaka kumi na sita, ni hii moja tu iliyomwia nzito. Mstaafu alitamani aondoke akiwa ameiona. Amekwenda mlango ule kila Jumatatu, na kila Jumatatu ameambiwa mkuu anausoma. Ameanza kusoma, Mungu mkubwa. Wakati wake wa kuanza ndio umekuwa mbaya.

Kamati ya zawadi ilipendekeza tumpe baiskeli mpya. Bibi Hadija akauliza, “Baiskeli mnampa, na njia mnampa lini?” Wazo likafa, tukanunua godoro. Godoro ni zuri. Hakuna aliyefikiria litafikaje Njianne, gari la ofisi likiwa gereji, kwa hiyo jioni ya leo litakwenda juu ya keria, kilomita saba, kupitia soko, bango na kalavati la Mparange.

Mzee Mwinyimvua, asante. Asante kwa barua kavu, na kwa zile zilizolowa ukaeleza kwa nini. Asante kwa kuwaandika watu ambao fomu zetu hazikuwa na mahali pa kuwaweka. Vijana wa masjala wataendelea na kitabu cha kumi na mbili, na wameahidi kusoma kwa sauti kabla mtu hajasaini.

Ameomba jambo moja: kazi yake ya mwisho iwe kuupeleka wasifu huu mwenyewe, mlango kwa mlango, Bwana Nicolaus akiwa wa kwanza, na nakala ya mpango ule ikiwa chini yake kwenye bahasha moja. Nakala ya mwisho ni ya Mwanaidi, ng'ambo ya kalavati. Tumemwandikia mstari wake katika dispachi: tarehe ya leo, jina la mpokeaji, nafasi ya saini. Ofisi nyingine humtakia mstaafu maisha mema na kwenda kula pilau. Sisi tunakutakia, mzee wetu, ufike. Na safu ya maelezo tumeiacha tupu, tukiomba kesho asubuhi tuikute hivyohivyo.

Agapiti, karani wa masjala, kwa niaba ya wafanyakazi wote